Andika maumivu yako: nilichojifunza kwa Hilary Mantel

Nilivunja ungo nikiwa darasa la saba, na tangu mwezi ule wa kwanza sikuwahi kupata hedhi ya kusimama wima. Bibi yangu aliyaita maumivu yale chango. Alinichemshia mizizi, akanifunga khanga tumboni, akaniambia nikizaa yatakwisha. Alisema kwa upendo, maana naye ndivyo alivyoambiwa.

Dispensari nako jibu lilikuwa lile lile kila mwezi: UTI. Nimemeza dozi za UTI zisizohesabika. Nilipofika miaka 24, daktari mmoja aliandika kwamba nina msongo wa mawazo, kisha akaniuliza kama nimeachwa na mchumba. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeanza kuamini kwamba huenda najitungia ugonjwa.

Rafiki yangu ndiye aliyeniazima kitabu cha Hilary Mantel, mwandishi Mwingereza. Wengi wanamjua kwa riwaya yake Wolf Hall, inayomhusu Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII. Riwaya hiyo ilimpatia tuzo ya Booker mwaka 2009, na iliyofuata ikampatia tena mwaka 2012, akawa mwanamke wa kwanza kuitwaa mara mbili. Lakini nilichoazimwa mimi kilikuwa Giving Up the Ghost, kumbukumbu za maisha yake zilizotoka mwaka 2003. Nilikisoma nimelala ubavu, chupa ya maji ya moto tumboni.

Mantel alizaliwa mwaka 1952 huko Derbyshire, akasomea sheria London na Sheffield. Akiwa mwanafunzi, mwili ulianza kumuuma: tumbo, miguu, kila kitu. Madaktari walimpa dawa za sonona, halafu wakampeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili. Huko alipewa dawa kali zilizomfanya ashindwe kutulia hata kidogo, na kule kutotulia kukahesabiwa kuwa ni dalili nyingine ya wazimu. Daktari alipojua kwamba anaandika, alimwambia hataki aandike.

Hapo nilikifunga kitabu kwa muda. Mgonjwa asiyeaminiwa hana shahidi mwingine zaidi ya maneno yake, na hayo ndiyo aliyokatazwa kuyaweka kwenye karatasi.

Hakutii. Mwaka 1977 alimfuata mumewe, mtaalamu wa miamba, hadi Botswana, akaendelea kuandika riwaya kubwa ya Mapinduzi ya Ufaransa. Huko huko alifungua kitabu cha kiada cha udaktari akakuta ugonjwa wake umeelezwa: endometriosisi. Ni hali ambapo tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, kwenye ovari, kibofu, hata utumbo, na kuleta uvimbe, makovu na maumivu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa anao. Fikiria darasa lako la sekondari, wasichana wangapi walikuwa wakibebwa kupelekwa bwenini kila mwezi?

Kwa Mantel jibu lilichelewa. Mwaka 1979, akiwa na miaka 27, alifanyiwa upasuaji London. Waliondoa kizazi na ovari, asingeweza kuzaa kamwe. Na bado maumivu yalirudi. Ile riwaya ya Ufaransa ilikataliwa na wachapishaji, ikakaa hadi mwaka 1992 ndipo ikatoka. Alifariki mwaka 2022 akiwa na miaka 70, na karibu vitabu vyote hivyo aliviandika akiwa mgonjwa. Sipendi watu wanaposema mateso ndiyo yaliyomfanya awe mwandishi. Naamini angeandika pia akiwa mzima, tena kwa raha zaidi.

Baada ya kumaliza kitabu nilinunua daftari la kawaida la shule. Dada yangu, ukiwa na hali kama yangu, anza na hilo. Andika tarehe, upande unaouma, na ukali wake kuanzia 0 hadi 10. Zaidi ya yote andika ulichoshindwa kufanya: "sikuweza kupanda daladala", "nilitapika mara tatu", "nilikosa mtihani". Kama unaumia ukienda haja kubwa wakati wa hedhi, au wakati wa tendo la ndoa, andika bila kuona haya, kwa sababu hizo ni dalili ambazo daktari anazihitaji na sisi ndizo tunazozificha.

Nilijaza miezi mitano. Nikaomba rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, nikaenda na dada yangu mkubwa, kwani ukiwa na mtu kando yako ni vigumu kukukatiza. Daktari yule alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, kimya, kisha akauliza kwa nini nimechelewa kuja.

Utrasaundi yangu ilikuwa safi. Usikate tamaa ukipata jibu hilo, maana kipimo hicho mara nyingi hakioni madoa madogo ya endometriosisi. Mimi yalionekana kwa upasuaji wa matundu madogo. Natumia dawa za homoni sasa, na siku nyingi naweza kufanya kazi. Sijapona, na wanaouza dawa za kumaliza chango kwa siku saba wasikudanganye. Ukiambiwa utolewe kizazi, tafuta maoni ya bingwa wa pili kwanza.

Mpwa wangu ana miaka 15. Wiki iliyopita alinipigia akilia kwamba tumbo limeanza tena. Nikamuuliza limeanza lini, na linauma upande gani.

"Subiri, shangazi," akasema, "nichukue daftari."