Maswali ya Wasomaji: Maji Ndani ya Dumu la Mafuta ya Nazi

SWALI: Natengeneza sabuni na mafuta ya kupaka. Mafuta ya nazi bikira (yasiyosafishwa kiwandani) nanunua kwa dumu la lita 20. Dumu la mwisho lilikuja likinukia vizuri, lakini baada ya wiki sita likaanza kunuka uvundo, na ukionja yanakereketa koo. Muuzaji ana karatasi ya maabara inayosema yamekidhi viwango. Tatizo ni nini? – Msomaji, Tanga

JIBU: Anza kwa kushuku maji. Hewa peke yake huyaharibu mafuta ya nazi polepole. Yakibaki na maji na masalia ya tui, vijidudu na vimeng'enya huyamega na kuacha asidi huru, na hizo ndizo zinazokereketa. Kwa wanaochachusha tui (saa 24 hadi 36), maji huingia pale mtu anapokwangua tabaka la mafuta hadi tone la mwisho. Tamaa ya kikombe kimoja huharibu dumu zima.

Kabla ya kulipa, weka dumu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu mpaka mafuta yote yayeyuke (huganda kwenye nyuzi 24 hivi), kisha liache litulie usiku kucha. Sampuli vuta kwa mrija kutoka chini. Ukichota juu umejidanganya, kwa kuwa maji hukaa chini. Mafuta mazuri huwa maangavu kama maji ya kunywa. Yakiwa na ukungu, yana maji au machicha. Tia kijiko kimoja kwenye sufuria kavu yenye moto: yakipasuka-pasuka, maji yamo.

Asidi nayo unaweza kuipima mwenyewe. Yeyusha gramu 4 za kostiki soda kwenye maji yaliyochujwa kwa mvuke, ujaze hadi lita 1. Chukua mililita 50 za alkoholi, tia matone machache ya fenolfthalini (dawa inayogeuka waridi asidi ikiisha), na udondoshe kostiki mpaka ianze kuwa waridi. Hatua hii wengi huiruka, kisha asidi ya alkoholi yenyewe ikahesabiwa juu ya mafuta. Ongeza gramu 10 za mafuta, pasha kidogo, tikisa, halafu dondosha tone kwa tone hadi waridi idumu nusu dakika. Kila mililita 1 iliyotumika baada ya kutia mafuta ni asilimia 0.2 ya asidi huru, ikihesabiwa kama asidi ya lauriki, iliyo nyingi zaidi kwenye mafuta ya nazi.

Sasa irudie ile karatasi uone ni kiwango cha nani. Jumuiya ya Kimataifa ya Nazi (zamani APCC) inataka asidi huru isizidi asilimia 0.2, unyevu asilimia 0.1, na peroksidi (kipimo cha mafuta kuharibiwa na hewa) 3. Codex, yaani viwango vya kimataifa vya vyakula, kwa mafuta bikira kwa jumla, inaruhusu namba ya asidi (njia nyingine ya kuitaja asidi huru) hadi 4.0, ambayo kwa mafuta ya nazi ni kama asilimia 1.4, na peroksidi hadi 15. Yaani, kwa kipimo chako cha kostiki, mililita 1 dhidi ya 7. Huenda muuzaji wako hakudanganya. Amechagua tu mlango mpana.

SWALI: Je, yakiganda kwenye friji ni uthibitisho kwamba hayajachanganywa? – Msomaji, Kilifi

JIBU: Hapana. Friji itafichua alizeti iliyotiwa kwa wingi, basi. Mafuta ya kokwa za mchikichi nayo huganda, na asidi yake ya lauriki inakaribia ya nazi. Thamani ya iodini (namba ya maabara inayotofautiana kati ya aina za mafuta) husaidia kiasi: nazi ni 6.3 hadi 10.6, kokwa za mchikichi 14.1 hadi 21.0. Lakini mchanganyiko wa moja kwa tano bado unaweza kupita. Kwa shehena kubwa lipia kipimo cha asidi za mafuta maabara, uangalie asidi ya oleiki: kwenye nazi ni asilimia 5 hadi 10, kwenye kokwa 12 hadi 19. Wakichanganya na mafuta ya mbata yaliyosafishwa kiwandani, kipimo hiki hakitakuambia kitu, maana yote ni nazi. Hapo itakubidi ukaone yanakokamuliwa.

SWALI: Kwa sabuni ya mche ninunue bikira? – Msomaji, Pangani

JIBU: Usipoteze fedha. Kostiki itaua harufu karibu yote, na kipimo cha kostiki ni kilekile, yawe bikira au yaliyosafishwa: gramu 183 hivi kwa kilo ya mafuta. Ya bikira yaweke kwa ya kupaka.