Onja kwanza, bei utauliza kisha: hizi bourbon za edisyo limite

Mwezi huu peke yake watu watatu wamenitumia foto ya chupa ya bourbon, ile whisky ya mahindi ya Marekani, kwa WhatsApp. Stori ni ileile, boksi ya mbao, namba imeandikwa kwa kalamu juu ya etiketi, na chini mtu anauliza: yaya, dola 300 nitoe ao niache? Kwa foto peke yake siwezi kujibu vizuri. Acha niandike hapa vile mimi mwenyewe nafanya, juu pesa niliyopoteza kwa hii mambo sitaki mtu mwingine aipoteze.

Mu 2019 niliuziwa chupa hapa Lubumbashi kwa dola 240. Muuzaji alisema imetoka Marekani, zimebaki mbili tu mu mji mzima, na etiketi ilikuwa nyeusi na herufi za dhahabu, imeandikwa Small Batch (fungu dogo), imeandikwa Limited Edition (edisyo limite, ya chupa chache). Niliiweka miezi minane bila kuigusa, nikaifungua siku ya arusi ya dada yangu mdogo mbele ya wakubwa wa familia. Ilikuwa bourbon kweli, haikuwa feki, tamu kidogo, inapita mdomoni mbio inaisha. Lakini nilisikia uchungu sana, juu pale pale nilielewa kwamba kwa zile dola 240, karibu 200 nilinunua boksi na karatasi.

Kuanzia siku ile nasoma etiketi kama mtu anayesoma kontra. Kuna maneno yenye sheria nyuma yake na kuna maneno hayana kitu. Neno bourbon lina sheria: itengenezwe Marekani, mahindi yasipungue asilimia 51, ilale mu bareli mpya ya mti wa mwaloni iliyochomwa ndani, na mu chupa isishuke chini ya degre 40, ni kusema asilimia 40 ya alkoholi. Straight ni miaka 2 mu bareli kwenda juu, na ikiwa chini ya miaka 4 lazima umri uandikwe. Bottled in Bond ni sheria ya 1897: distileri (kiwanda cha kupika pombe) moja, msimu mmoja, miaka 4 ao zaidi, degre 50 kamili. Lakini Small Batch na Limited Edition hakuna sheria inayosema ni chupa ngapi, mtu anaweza kujaza chupa elfu hamsini na akaandika vile. Kwa hiyo mimi natafuta umri, degre, na jina la distileri. Ukiona imeandikwa proof, gawa kwa mbili utapata degre, na ukiona umri, ujue njo umri wa ile changa zaidi kati ya zote walizochanganya.

Mambo ya mahindi sisi watu wa huku hatuhitaji kufundishwa sana. Mahindi njo bukari, njo munkoyo, na njo lutuku pia, ile pombe kali ya nyumbani, kambo yangu wa Katuba alikuwa anaipika na mimi nilikua na ile harufu. Lutuku inatoka nyeupe kama maji na inanyweka hivyo hivyo, mahindi yanakuja moja kwa moja usoni. Bourbon nayo ikitoka ku mashini iko nyeupe vilevile, rangi yote inatoka ku bareli, kutia rangi hairuhusiwi. Na ile mitambo yao ya kupikia mara nyingi ina shaba ndani, juu shaba inakamata harufu ya salfa. Mtu wa mji wa shaba akisikia hii anafurahi, mimi nilifurahi sana siku ya kwanza nilipoisoma. Basi nikionja najiuliza mambo mawili tu, mahindi yako wapi na mti uko wapi, na nani anamfunika mwenzake.

Namna ya kuonja: tumia vere yenye mdomo mwembamba, hata ndogo ya divai inafaa, mimina kidogo tu, sentilita mbili zinatosha, uache dakika kumi. Usiingize pua ndani, hasa ikiwa ya degre 60, alkoholi itakuchoma na kwa nusu saa hautasikia tena kitu. Sogeza pua juu ya mdomo wa vere, kinywa wazi kidogo. Funda la kwanza usilihukumu, hilo ni la kuamsha ulimi. La pili lishike mdomoni, hesabu mpaka kumi, meza, halafu angalia saa. Utamu ukiondoka kwa sekunde tano, hiyo si chupa ya dola 300 hata ikiwa na boksi ya dhahabu. Kisha tia maji matone mawili matatu na kijiko, kuna chupa zinafunguka pale, vitu vilivyojificha vinatoka, na kuna zingine zinakufa kabisa, na mimi naogopa sana kulipa bei kubwa kwa ile inayokufa na matone matatu.

Na ladha ziite kwa majina ya kwako. Mimi naandika sukari iliyoungua, vanila, karanga ya kukaanga, ndizi iliyoiva mpaka ngozi imekuwa nyeusi, asali nyeusi ya pori, ubao mpya wa kwa menwizye. Ikikausha ulimi kama chai iliyosahauliwa mu birika, huo ni mti umezidi, na hapo niseme kitu watu wengi hawapendi kusikia: umri mkubwa si lazima utamu mkubwa. Kule Kentucky, jimbo la Marekani wanakopika bourbon nyingi, kuna joto, bareli inapoteza kidogo kila mwaka kwa mvuke, wanaita fungu la malaika, na kwa miaka 20 inaweza kubaki chini ya nusu. Bei inapanda kwa sababu kimebaki kidogo. Utamu unaweza kuwa ulifika kileleni ku mwaka wa 12 na kuanza kushuka.

Sasa bei. 2022 yaya wangu alirudi toka Marekani na Old Forester Birthday Bourbon, ile inayotoka kila mwaka tangu 2002, tarehe 2 Septemba, siku aliyozaliwa George Garvin Brown aliyeanzisha Old Forester. Nilimwomba mama ya watoto amimine vere nne mu jikoni, abandike herufi chini, sisi tusione: hiyo ya yaya, bourbon mbili za kawaida Wild Turkey 101 na Maker's Mark, na ile ya kwangu ya dola 240 iliyokuwa imebaki. Tulikuwa watatu, mimi, yaya, na jirani ambaye maisha yake yote anakunywa bia ya Simba tu. Hakuna kusema, kila mtu anaandika dola ngapi angetoa kwa chupa nzima. Ile ya yaya mimi niliandika 120, yeye 150, jirani 90. Wild Turkey tuliipa 60, 50 na 70. Ya kwangu ilipata 35, 40, 30. Mikono ilinitetemeka mama alipogeuza vere.

Hiyo namba naiita bei ya mdomo. Kitu chote kinachozidi hapo ni bei ya kupatikana kwa shida, na sisemi ni wizi, mtu anaweza kutaka bourbon za majina makubwa kama Pappy Van Winkle ao George T. Stagg juu ameiota miaka kumi na hiyo ni haki yake. Ila ujue ni ipi unalipa. Usijidanganye kwamba utauza kisha upate faida. Kule Marekani chupa hizo zinauzwa ku minada kwa bei inayozidi ya duka mara nyingi, lakini hapa nani atanunua kwako? Utapiga simu kwa watu wote wa mtaa wa Golf na hakuna atakayeamini kwamba iko ya kweli. Na feki ziko, watu wananunua chupa tupu za majina makubwa na kuzijaza tena, basi angalia kapsule inayofunika kizibo na kiwango cha pombe shingoni. Mpaka mwisho wa 2020 chupa za soko la Marekani zilikuwa za sentilita 75, za 70 hazikuruhusiwa, sasa mtu akikuambia alinunua kule 2015 na chupa imeandikwa 70, muulize vizuri.

Kuweka ni rahisi: chupa isimame wima, juu alkoholi kali inakula bushoni (kizibo), na mbali na jua letu la mwezi wa kumi. Mu chupa haizeeki, ya miaka 12 itabaki ya miaka 12. Ukishafungua na imeshuka chini ya theluthi, hamishia mu chupa ndogo.

Zile foto tatu basi. Ya kwanza haina umri, haina distileri, degre 40, dola 300: nimemwambia aache. Ya pili kapsule iko mzima lakini pombe imeshuka mpaka ku mabega ya chupa, hiyo pia hapana. Ya tatu ni Bottled in Bond, miaka 11, namba ya distileri inaonekana, dola 160. Huyo nimemwambia achukue leo leo. Ataifungua mwezi wa nane siku ya ubatizo wa mtoto wake, na nimemwomba ruhusa nije na vere zangu nne.