Herufi Isiyotamkwa Ikikusumbua, Uliza Neno Limetoka Wapi

Nikiwa kidato cha kwanza nilisimamishwa nisome kwa sauti. Nilipofika kwenye "knife" nikaitamka ile k, kama Kiswahili kilivyonizoesha. Darasa zima likacheka. Mwalimu akanisahihisha, ila hakunieleza k hiyo inafanya nini pale. Tangu siku hiyo nikawa nakariri maneno kama namba za simu, na mtihani ukipita yote yameshanitoka.

Kilichokuja kunisaidia ni historia. Waingereza wa kale waliitamka k hiyo. Neno "knight" waliliandika "cniht", c yake ikisikika kama k, na maana yake ilikuwa kijana tu, si askari wa farasi kama ilivyokuja kuwa. William Caxton alipofungua kiwanda cha uchapaji Westminster mwaka 1476, tahajia ikaanza kuganda huku matamshi yakiendelea kubadilika. Kwa hiyo unapoandika k hiyo, unaandika sauti za watu waliokufa zamani. Lakini usidhani kila herufi bubu iliwahi kusikika: b ya "debt" ilipachikwa na wasomi ili ifanane na "debitum" ya Kilatini. Neno lenyewe lilitoka Ufaransa bila b.

Wafaransa ndio waliokivuruga zaidi Kiingereza, na ndio waliokitajirisha. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy kaskazini mwa Ufaransa, aliiteka Uingereza, na Kifaransa kikawa lugha ya mabwana. Ng'ombe akiwa malishoni akabaki "cow" kwa Kiingereza cha wachungaji. Nyama yake ikaja kuitwa "beef", neno la Kifaransa. Kondoo ni "sheep", nyama yake "mutton". Mwanafunzi akiandika "cow meat" nisingempigia mstari mwekundu na kunyamaza, ningemsimulia hilo. Sisi tunaosema meza kwa sababu ya Wareno na shule kwa sababu ya Wajerumani tunalielewa upesi.

Ushauri wangu: tafuta kamusi inayotaja asili ya maneno, na kando ya kila neno linalokusumbua andika mstari mmoja wa historia yake. Yasiyokusumbua yaache. Angalia na maana pia, kwa sababu nazo huhama: "nice" ya leo ni sifa nzuri, zamani ilimaanisha mjinga.

Juzi binti yangu aliniuliza w ya "two" ina kazi gani. Nikamwambia atamke "twelve", "twenty", "twin". Akatamka taratibu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe bado ipo, baba."