Namba bila herufi ni nusu ya sidiria

Mara iliyopita niliandika hapa kwamba wanawake wengi wanaoingia dukani kwangu Ngamiani, Tanga, hutaja namba tu, "nipe thelathini na nane", wakalipa na kuondoka bila kujaribu wala kupimwa. Nikawaomba mniandikie kinachowasumbua. Mmeandika, tena kwa uwazi ulionigusa, maana haya ni mambo tunayoambizana kwa kunong'ona tu. Majibu ya leo ni ya barua saba.

Mpika vitumbua, Makorora: Shikamoo dada. Niko jikoni tangu saa kumi alfajiri, nainama na kuinuka. Navaa 40. Mikanda imenichimba mabegani mpaka pamekuwa mifereji, na nyuma sidiria inapanda hadi kwenye mabapa ya mabega. Mwenzangu ameniambia nichukue 42. Nichukue?

Marahaba mdogo wangu. Usichukue 42, itapanda zaidi ya hiyo.

Kinachobeba matiti ni ule mkanda unaozunguka mbavu. Mikanda ya mabegani kazi yake ni kuvituliza vikombe vikae kifuani, si kubeba. Umewahi kufunga mbeleko, basi unajua: ikikazwa vizuri mtoto anatulia na wewe unafanya kazi zako, ikilegea, mtoto anateremka, nawe unainama mbele kumsawazisha na jioni mgongo wote unauma. Mkanda wako wa mbavu umelegea, mzigo umehamia mabegani. Ndiyo mifereji hiyo.

Tunafikaje huko? Matiti yanamwagika juu ya kikombe, tunapandisha namba. Lakini namba ni ya mbavu. Titi lina herufi yake. Ukitoka 36 kwenda 38 kwenda 40 ukitafuta kikombe kikubwa, kikombe kinakua kidogo kidogo huku mkanda ukizidi kupwaya, na mwisho unavaa nguo ya mwili wa mtu mwingine.

Chukua tepu ya fundi cherehani, upande wa inchi. Pima chini kabisa ya matiti, tepu ikizunguka sawasawa mbele na nyuma, ukiwa umetoa pumzi, na uikaze. Hiyo ndiyo namba yako. Namba za sidiria ni za shufwa, 32, 34, 36, kwa hiyo ukipata 35 jaribu ya chini na ya juu yake. Kisha pima kwenye chuchu, safari hii bila kukaza hata kidogo. Mwenye matiti mazito yaliyoshuka ainame mgongo ulale kama meza ndipo apime, la sivyo tepu itamdanganya. Toa ya kwanza kwenye ya pili. Ikizidi inchi moja ni A, mbili B, tatu C, nne D, tano DD. Kutoka sita nchi zinaachana: Uingereza wanaandika E, Marekani DDD.

Wapo watakaokwambia uongeze inchi nne au tano kwenye kipimo cha mbavu. Hesabu hiyo ni ya zamani, na ndiyo inayowavisha 40 watu wa 36. Achana nayo.

Wewe umenitumia vipimo vyako, nakushukuru: mbavu 36, chuchuni 41. Basi wewe ni 36DD. Najua herufi hiyo inatisha, watu hudhani DD ni ya mtu wa maajabu. Ni tofauti ya inchi tano tu, na mwanamke mwembamba wa 30 anaweza kuwa nayo. Ukiikosa mjini, tafuta 38D: kikombe chake kina ujazo uleule, mkanda ndio mrefu zaidi. Ukipanda namba moja unashuka herufi moja, ukishuka namba unapanda herufi. Lakini usipande zaidi ya hatua hiyo moja, utarudi kulekule.

Ukijaribu, funga kulabu za mwisho kabisa, zile za nje. Lastiki inalegea kadiri unavyovaa na kufua, nawe utaingia kulabu za ndani miezi ikienda. Ukinunua inayokukaa kwenye kulabu za ndani tangu siku ya kwanza, umenunua ya kuvaa miezi michache. Inama, ingiza mkono ukusanye titi lote pamoja na nyama ya kwapani ulitie ndani ya kikombe, halafu simama. Kipande cha katikati kiguse mfupa wa kifua. Waya ukae nyuma ya titi, usikanyage titi lenyewe. Nyuma mkanda uwe usawa wa mbele, na vidole viwili vipite chini yake lakini si ngumi. Mwisho inua mikono kama unayeshusha sufuria kwenye rafu. Sidiria ikibaki mahali pake, hiyo ni yako.

Mwalimu, Mabawa: Nilinunua sidiria iliyoandikwa 90C nikidhani ni kubwa. Imenibana kabisa. Mbavu zangu ni inchi 38. Nimeibiwa?

Hapana mwalimu, umesoma lugha ya nchi nyingine. Kifaransa 90 ni 75 ya nchi nyingi za Ulaya, nayo ni 34 ya Uingereza na Marekani. Yako wewe, 38, ni 85 kwa Ulaya na 100 kwa Wafaransa. Lebo nzuri huandika zote pamoja, kila namba na alama ya nchi yake. Itafute iliyoshonwa ubavuni, na uiamini kuliko kikaratasi kinachoning'inia. Zile za bei ndogo zenye maandishi kama 36/80 bila herufi yoyote, 80 hapo ni mbavu kwa sentimita na kikombe mara nyingi ni B. Kama wewe si B, hazikuandikwa kwa ajili yako hata namba ikilingana.

Mke mpya, Chumbageni: Mama mkwe ananikataza sidiria za waya, anasema zinaleta kansa ya matiti. Namheshimu, sitaki kubishana.

Usibishane, mwanangu, ila moyo wako utulie. Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2014 watafiti wa Seattle, Marekani, walichapisha kazi waliyofanya kwa wanawake waliokwisha koma hedhi, wenye saratani na wasio nayo. Waliwauliza ukubwa wa vikombe, saa wanazovaa kwa siku, umri walioanza, na kama zina waya. Hawakuona uhusiano wowote. Waya mbaya unaumiza, unachubua, unakanyaga titi, na kwa anayenyonyesha unaleta shida nyingine nitakazozitaja. Kansa hauleti.

Kwa mama mkwe mpelekee lililo na faida kwenu wote wawili: mjuane na matiti yenu. Uvimbe mpya, ngozi inayobonyea au kukakamaa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoanza kuingia ndani ilhali haikuwa hivyo, damu kutoka kwenye chuchu, titi moja kubadilika ghafla. Ukiona mojawapo, nenda hospitali ya Bombo wiki hiyohiyo. Usingoje Ramadhani iishe, usingoje shughuli ya mtu. Kwamba titi moja ni kubwa kidogo kuliko jingine tangu usichana, hilo ni umbile la wengi wetu. Nunua kwa kufuata lililo kubwa, upande mdogo ukaze mkanda wa bega.

Mama wa mtoto wa wiki tatu, Muheza: Sidiria zangu zote zinanibana na titi la kulia lina sehemu ngumu inayouma. Nivue kabisa?

Hongera ya uzazi. Vua hiyo inayobana leo, wala usiifikirie. Nguo inayokandamiza titi lenye maziwa husaidia kuziba njia za maziwa, na paliposimama maziwa panaweza kuvimba na kuwa ugonjwa. Endelea kumnyonyesha upande huo, usiuache kwa kuogopa maumivu. Weka kitambaa cha maji baridi baada ya kunyonyesha, na usikande kwa nguvu hata kama bibi anasisitiza. Ukipata homa, ukitetemeka, ngozi ikiwa nyekundu na ya moto, au ugumu usipoisha ndani ya siku moja, nenda kituo cha afya. Inatibika, na unaweza kunyonyesha ukiwa kwenye dawa. Mwambie tu daktari kwamba unanyonyesha.

Sidiria ya kunyonyeshea iwe ya pamba, isiyo na waya, kikombe kifunguke mbele kwa mkono mmoja, maana mwingine umeshika mtoto. Ungeniuliza ukiwa na mimba ningekwambia uinunue mwishoni kabisa mwa ujauzito na uache nafasi kwenye kikombe, kwa sababu maziwa huingia kwa wingi kati ya siku ya pili na ya tano na titi hubadilika mbele ya macho yako. Sasa nunua mbili tu. Mwezi mwingine utakuwa na kipimo kingine. Usiku ukitaka kufunga kanga na kulala hivyo, lala.

Mfanyabiashara, Pongwe: Za mtumba zinadumu kuliko hizi mpya. Kwa nini huziuzi?

Kwa sababu Shirika la Viwango, TBS, limekataza nguo za ndani za mitumba kuingizwa na kuuzwa nchini, sidiria zikiwemo. Na hata bila katazo, lastiki iliyovaliwa na mwenzako imeshachoka kabla haijafika kwako. Nakubaliana nawe kwamba kitambaa cha baadhi yake ni kizuri. Kinachobeba si kitambaa.

Mpya hudumu ukiitunza. Fua kwa mkono na maji ya baridi, usiikamue kwa kuisokota, anika kivulini, usiitie klorini, usipige pasi. Usivae moja siku mbili mfululizo, lastiki inahitaji kupumzika irudi. Na joto hili letu la kaskazi linataka uwe nazo tatu angalau, kwa sababu chumvi ya jasho nayo inaila. Wawili wenu mmeuliza kuhusu upele na harufu chini ya matiti: ni jasho lililofungiwa ngozi kwa ngozi, fangasi wakapata makao. Osha, kausha mpaka pawe pakavu kabisa, vaa pamba inayoinua titi lisilale juu ya tumbo, na duka la dawa watakupa krimu ya klotrimazoli. Ukitibu ukapona, kisha ukarudi tena na tena, kapime sukari.

Mama wa binti wa darasa la sita, Raskazone: Ana miaka kumi na mbili, anacheza netiboli. Ameanza kukataa mazoezi, hasemi kwa nini. Je, nimnunulie sidiria au bado mapema?

Amekwambia bila kusema, mama mwenzangu. Mnunulie, na mnunulie kesho. Titi halina msuli ndani yake. Limeshikwa na ngozi na nyuzi nyembamba tu, na mtu akikimbia linakwenda juu na chini, linakwenda pembeni, linarudi, kama anayechora namba nane. Inauma, na kwa msichana inatia haya kuliko inavyouma. Wasichana huanza kuota matiti kati ya miaka minane na kumi na mitatu, kwa hiyo hajawahi wala hajachelewa.

Kwa sasa inatosha ile ya kuvuta ya pamba isiyo na kulabu, na nyingine ya michezo inayobana kwa kiasi. Mwache aruke nayo dukani. Asivae mbili moja juu ya nyingine kama wasichana wengi wanavyofanya, zinambana pumzi. Na tafadhali usimpime mbele ya kaka zake wala shangazi zake. Mfungie mlango, mpe tepu, mfundishe, ajipime mwenyewe. Mimi nilivalishwa ya dada yangu nikiwa na miaka kumi na minne, wakaikunja nyuma kwa pini, na mpaka nilipoolewa nilidhani sidiria ni kitu cha kuvumilia.

Mama wa miaka hamsini na sita, Tongoni: Nilikatwa titi la kushoto, nilitibiwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, kidonda kimefunga. Natia kitambaa ndani ya sidiria lakini kinapanda mpaka shingoni nikiwa shughulini. Naona aibu kuuliza dukani.

Pole dada yangu, na ahsante kwa kuandika. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Kitambaa kinapanda kwa sababu hakina uzito. Titi lililobaki linavuta upande mmoja, mkanda unakwenda nalo, na bega unalipandisha bila kujijua. Yapo matiti bandia ya silikoni yanayolingana uzito na la asili. Waulize kliniki unapokwenda kuangaliwa. Usipoyapata, shona mfuko wenye umbo la tone kwa kitambaa cha pamba laini, ujaze mtama mkavu, upunguze na kuongeza mpaka ukiushika mkono mmoja na titi mkono mwingine uone yanakaribiana. Ushonee mfuko mwingine wazi ndani ya kikombe cha kushoto, ule wa mtama uingie humo na kutoka. Utoe kila usiku upate hewa, na mtama uubadilishe mara kwa mara, kwa unyevu wa hapa kwetu utaota ukungu.

Chagua sidiria isiyo na waya, yenye mkanda mpana chini, kikombe kinachopanda juu kifuani, na mikanda ya bega minene. Kama mkono wa kushoto unavimba au unahisi mzito, usivae chochote kinachokaza upande huo mpaka daktari auone.

Mfuko wa mfano ninao, nimeushona kwa kanga kuukuu iliyolainika. Njoo siku ya kazi kabla ya saa nne asubuhi, duka huwa tupu. Nitafunga pazia, tutapima wawili tu.