Kwa wenye mmeingia bodi ya shule mwaka huu: pesa ya kurepea majengo

Wenye mmeteuliwa kwa bodi za shule za msingi huku Kakamega, Vihiga na Busia, karibuni, na poleni pia. Miaka mitatu inaisha haraka na kitu itawasumbua zaidi ni majengo. Shule nyingi za huku zilianzishwa na wamisionari, Marafiki walifika Kaimosi 1902, zingine wazazi wakajenga kwa harambee baada ya uhuru, so ukuta mmekabidhiwa unaweza kuwa na umri wa babu yako na hakuna mahali imeandikwa ulijengwa lini wala na nani.

Kwanza elewa vile pesa inatembea. Serikali inatuma kwa kichwa, primari ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, na hiyo ndio vitabu, chaki, stima na repea zote ndani. Piga hesabu: shule ya watoto 1,200 inapata kama milioni 1.7, ya watoto 200 inapata 284,000, lakini zote mbili ziko na ile bloki moja ya zamani yenye mbao za paa zimeliwa na mchwa, na hakuna hardware itakupunguzia bei ya bati eti shule yako ni ndogo. Alafu hiyo ndogo ikianza kuvuja wazazi wanahamisha watoto, vichwa vinapungua, pesa inapungua tena mwaka unaofuata. Mtu akikwambia mgao ni wa haki juu kila mtoto anapata sawa, muulize kama na paa ziko sawa.

Msipoteze mwezi mzima mkipanga foleni kwa ofisi ya gavana. Kwa Katiba ya 2010 kaunti iko na chekechea, primari na sekondari ni za serikali kuu. Lakini kama darasa la chekechea liko ndani ya kiwanja chenu, hilo wanaweza kushughulikia, so liandikieni barua yake kando.

CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, ndio wengi mtakimbilia, na si vibaya, imejenga madarasa mengi sana huku. Kuna asilimia 5 inawekwa ya dharura, na hapa watu wanachapwa kila mwaka: dharura ni kitu haikutarajiwa. Upepo ukibeba paa usiku, hiyo ni dharura. Paa lenye limevuja tangu hedi wa zamani si dharura, ni uzembe wa kila mtu, na litarudishwa lipange laini na maombi ya kawaida. Pia msitundike mipango yote hapo, Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya huo mfuko inakiuka Katiba na shule zenye hazikuwa na mpango mwingine zilishtuka sana.

Shida ingine ni siasa, tuseme ukweli. Mheshimiwa atakuja kuzindua darasa jipya na kamera na jina lake kubwa ukutani, sijawahi kuona mtu akizindua gata. Na huku Kakamega mvua inafika karibu milimita 2,000 kwa mwaka, bila gata maji yote ya paa yanaanguka pale pale chini ya ukuta, yanachimba udongo, msingi unashuka upande mmoja, alafu unaona ufa umetoka kona ya dirisha ukipanda kwa mshazari. Gata ya bei rahisi ingeokoa bloki nzima. Wenzetu wa Kano kule Kisumu nao wako na ule udongo mweusi unavimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, kwao ni msingi kabla ya paa.

Ufa usiupake rangi eti wageni wanakuja. Weka kipande cha plasta katikati yake, andika tarehe juu kwa misumari kabla haijakauka, piga picha. Plasta ikipasuka baadaye, jua ukuta bado unatembea na watoto watoke humo, usingoje kikao. Ikikaa sawa, hiyo ni repea ya kawaida. Hizo picha za tarehe tofauti zina nguvu kuliko barua ya kurasa nne yenye imejaa "tunaomba kwa unyenyekevu".

Fanyeni hivyo kwa kila chumba, daftari moja tu, chumba namba fulani kina shida gani, kinakaa watoto wangapi, alafu muite afisa wa pablik waks aje aangalie na awape BQ, yaani orodha ya vifaa na kazi yote na gharama yake. Bila BQ na miniti za bodi wewe ni mtu analalamika tu. Na title ya shamba muitafute mapema, shule nyingi ziko kwa ardhi ya kanisa ama ya familia yenye mzee alipeana kwa mdomo, na wajukuu wake hawakuwa kwa hicho kikao.

Mkishapata daftari, mpange kwa hatari, si kwa bloki yenye mwenyekiti alisomea. Ngazi na milango ziwe juu kabisa. Februari 2020 watoto 14 walikufa kwa mkanyagano wakishuka ngazi Kakamega Primary, so kama shule yenu ni ya gorofa msiniambie mmeanza na geti.

Na kama nyinyi ndio ile shule kubwa yenye wanafunzi wa zamani wako Nairobi na wanaweza changa, wachieni jirani mwaka mmoja wa CDF. Najua wengi hawatapenda hii.

Kwa ununuzi angalieni geji ya bati, namba ikipanda bati linakuwa jembamba, mtu akiandika 28 alafu alete 32 amekula. Na kontrakta msimlipe yote siku ya kukabidhi, zuieni sehemu, kawaida ni asilimia 10, mpaka miezi sita ipite na mvua kubwa ipige. Akishalipwa zote na paa lianze kuvuja, simu yake ni mteja.