"Mali ikishauzwa hairudishwi" inakubana wapi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: tangazo la "Mali ikishauzwa hairudishwi" linalobandikwa kwenye kaunta za supamaketi hapa Dar es Salaam lina nguvu kiasi gani, na mteja afanye nini?

Lina nguvu kwa mteja aliyebadili mawazo. Halina nguvu kwa bidhaa mbovu. Umenunua sufuria, umefika nayo Tabata ukaona ni kubwa kuliko jiko lako: duka likikubadilishia, ni hisani yake. Lakini pasi isiyopata moto, au maziwa yaliyokatika kabla ya tarehe yake, ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 214) na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 zinamlinda mnunuzi hata kama pale kaunta hakuna aliyetamka neno: kitu kiwe na ubora wa kuuzika, na kifae kwa kazi yake. Karatasi ya ukutani haiondoi hilo.

Tatizo ni kwamba wengi wanaipoteza haki hiyo kabla hawajafika mlangoni, kwa kutojua mashine ya risiti inavyofanya kazi. Keshia anaposkani, kila bidhaa inaingia kwenye risiti ambayo bado iko wazi. Ukiona kosa wakati huo, anaitwa msimamizi, anaingiza namba yake ya siri, mstari unafutwa, mnaendelea. Ukishalipa na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) ikatoka, mauzo yamebaki kwenye kumbukumbu ya mashine na taarifa zinakwenda TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Keshia hawezi kuyafuta, meneja naye hawezi. Kuanzia hapo, kurudisha pesa kunataka saini ya meneja, karatasi ya marejesho, risiti yako halisi, na mhasibu wa kuoanisha hesabu na ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ambayo mashine huitoa mwisho wa siku. Ndiyo sababu unaambiwa "chagua kitu kingine cha bei hiyohiyo". Kwa bidhaa nzima uliyoikinai, kubali. Kwa bidhaa mbovu, una haki ya kudai pesa yako, na uidai kwa utulivu huku umeshika risiti.

Kwa hiyo bidhaa zikipita, macho yawe kwenye skrini, simu mfukoni. Na kama unanunua kwa ajili ya ofisi, taja TIN, yaani namba ya mlipakodi, kabla ya malipo, kwa kuwa risiti ikishatoka haiongezewi kitu.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni bei ya rafu kutofautiana na ya kaunta. Bei ya kwenye mfumo hubadilishwa ofisini mara moja kwa tawi zima, ila vile vibandiko vya rafuni hubadilishwa na mtu kwa mkono, kimoja kimoja. Siku bei zinapopanda, rafu inachelewa. Chanzo kingine ni wateja wenyewe: mtu anaacha pakiti ya gramu 500 mahali pa gramu 400. Dawa yake ni ndogo. Linganisha tarakimu nne za mwisho za bakodi ya pakiti na zile zilizoandikwa kwenye kibandiko. Zikifanana, piga picha, na kaunta ikisoma bei kubwa zaidi, onyesha picha hiyo kabla hujalipa. Sheria ya Ushindani inakataza kumpotosha mteja kuhusu bei, na mameneja wengi wanalijua hilo. Bei ya rafu iwe pia na VAT ndani yake: kitu cha shilingi 11,800 ni 10,000 ya bidhaa na 1,800 ya kodi ya asilimia 18. Hakuna kuongezewa kodi juu yake pale kaunta.

Kwenye mizani simama kabisa. Stika ya nyama, matunda au korosho ina bakodi ya dukani, ambayo kwa kawaida huanza na 2, na uzito au bei imefichwa humohumo kwenye tarakimu. Kaunta haipimi tena, inasoma tu. Mhudumu akibonyeza namba ya parachichi badala ya ndizi, utalipia parachichi. Soma stika papo hapo: jina, uzito, bei ya kilo, kisha zidisha. Angalia na chombo. Kikasha cha plastiki cha gramu 20, kwenye korosho za shilingi 40,000 kwa kilo, kinakugharimu shilingi 800 za plastiki. Mwambie mhudumu aweke kikasha kitupu kwanza, mizani irudishwe sifuri, ndipo ajaze. Ukiwa na shaka na mizani yenyewe, hiyo ni kazi ya Wakala wa Vipimo.

Vitu vya baridi ndivyo vinavyoleta ugomvi usio na mshindi. Duka litasema uliyaacha maziwa kwenye gari, wewe utasema friji yao ilikuwa imezimwa, na hakuna mwenye ushahidi. Basi kagua pale pale. Friji ya maziwa isizidi nyuzi 5, friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwenye nyingi kipimo kinaonekana. Mfuko wa vipande vya kuku uliotengeneza bonge moja lenye theluji nyingi ndani umeyeyuka ukagandishwa tena, pengine umeme ulikatika. Aiskrimu iliyolalia upande mmoja ndani ya kopo, vilevile. Vitu hivi viingie kwenye toroli mwisho kabisa, mkononi uwe na mfuko wa kutunza baridi, maana foleni ya kwenda Kimara haina huruma. Ukikuta chakula kilichopita tarehe bado kiko rafuni, mwambie meneja; kisipoondolewa, wajulishe TBS, Shirika la Viwango, ambao ndio wenye dhamana ya usalama wa chakula tangu mwaka 2019.

Vifaa vya umeme vijaribiwe kwenye soketi ya duka kabla ya kutoka. Fungua boksi, soma namba ya utambulisho ya kiwandani (serial number) iliyo nyuma au chini ya kifaa, ilinganishe na ya kwenye boksi na ya kwenye kadi ya waranti. Zikitofautiana, waranti itakataliwa siku utakapoihitaji. Kadi igongwe muhuri na kuandikwa tarehe.

Risiti hizi huchapwa kwa joto, bila wino. Ukiiacha kwenye dashibodi inakuwa nyeusi, ukiiweka kwenye pochi inafifia baada ya miezi michache, wakati waranti ni ya mwaka. Ipige picha siku hiyohiyo, ile alama ya QR na namba ya uhakiki zisomeke.

Chenji ni pesa. Pipi ikataliwe kwa upole.

Neno kuhusu vocha na kadi za pointi. Supamaketi za Shoprite ziliondoka nchini mwaka 2014 na maduka yao yakachukuliwa na wenzao wa Nakumatt. Supamaketi za Uchumi zikafungwa mwaka 2015. Baadaye Nakumatt nao wakafunga. Vocha ni deni ambalo duka linadaiwa na wewe, na duka likifungwa unakaa nyuma ya benki na wasambazaji. Itumie mwezi uleule unaoipata.

Na kama meneja amekataa kabisa bidhaa mbovu, mwombe aandike sababu kwa mkono nyuma ya nakala ya risiti na kuweka saini. Mara nyingi hapo ndipo suluhu inapopatikana. Asipoandika, peleka nakala, picha na bidhaa yenyewe Tume ya Ushindani, FCC, na malalamiko yako yawe kwa maandishi.