Anza na Dagaa Kabla ya Sangara: Ushauri kwa Anayeingia Biashara ya Samaki Mwanza

Vijana wengi wanaonijia kuomba ushauri juu ya biashara ya samaki huulizia kwanza sangara na mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki huyo. Siwalaumu, kwani minofu inayosafirishwa Ulaya na mabondo yanayouzwa China yana fedha nzuri; hata hivyo, mimi huwashauri waanze na dagaa, au walau wasiwaache.

Bei ya sangara huamuliwa mbali na ziwa letu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, na mwaka 2020, safari za ndege ziliposimama kwa sababu ya korona, bei iliporomoka hadi kwa mvuvi wa Ukerewe. Wakati huo nilikuwa na mtaji pande zote mbili. Wa sangara ulilala, ilhali dagaa waliendelea kupakiwa katika soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, kwenda nchi jirani, kwa kusuasua, maana madereva walikaa foleni mipakani wakisubiri vipimo. Lakini mzigo mkavu huvumilia foleni.

Soko la jirani nalo lina ukali wake. Mnunuzi kutoka Bujumbura huchota dagaa kiganjani, huwapekecha, hutafuna mmoja, na akisikia mchanga menoni hushusha bei papo hapo. Kwa hiyo nunua waliokaushwa kwenye chanja, hata kama wa mchangani ni rahisi zaidi. Mzigo wako usipozidi dola 2,000 za Marekani, na ukiwa umezalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulizia forodhani cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, yaani karatasi ya kupitisha mzigo wa ndani ya Jumuiya bila ushuru wa forodha, ambayo wachuuzi wengi hawaifahamu na hivyo huishia mikononi mwa vishoka, mawakala wasio rasmi.

Usimtegemee mnunuzi wa mji mmoja. Mapigano yalipofika Goma, mashariki mwa Kongo, Januari 2025, waliokuwa na mteja huko tu walikwama sawasawa na sisi wa sangara mwaka 2020.

Jambo linalowaumiza wengi zaidi, kwa maoni yangu, ni malipo. Burundi imekuwa na uhaba wa fedha za kigeni, na faranga yake ikishuka thamani kati ya siku ya kupakia na siku ya kulipwa, faida yote huyeyuka. Kubalianeni sarafu na kiwango cha kubadilishia kabla gari halijaondoka, na mali kauli, yaani mzigo wa kulipwa baadaye, mpe yule tu ambaye ameshakulipa taslimu mara kadhaa.